Tofali la Jeli: Kupima Risasi za Bunduki Bila Kujidanganya

Video za watu wakipiga jeli kwa bunduki, gelatini iliyogandishwa isimame badala ya nyama, ziko tele mtandaoni. Tofali linang'aa juu ya meza, bunduki inalia, jeli inaruka na kutetemeka, kisha mpigaji anachomoa tepu na kutoa hukumu: risasi hii kali, ile dhaifu. Mtazamaji anayejua kazi hii huuliza mambo matatu kabla ya kuamini lolote. Jeli ilikuwa na joto la nyuzi ngapi? Gololi ndogo ya bunduki ya upepo, inayopima ugumu wa jeli kabla ya risasi, iliingia kina gani? Risasi ilifika ikiwa na kasi gani? Zikikosekana nambari hizo, tepu inapima hewa.

Jaribio la jeli hushinda au kushindwa jikoni na kwenye friji, bunduki ikiwa bado imefungiwa kwenye sefu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya makala haya inahusu sufuria, kipimajoto na stima.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Kwa msomaji wa Nairobi, bunduki na risasi ziko chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kibali cha mmiliki hutaja silaha yenyewe na idadi ya risasi anazoruhusiwa kuwa nazo. Usidhani bunduki ya upepo inayotumiwa kupima jeli ni kitu cha kuchezea. Iulizie kibali mapema. Kazi yote ya kufyatua ifanyike kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, na msimamizi wa uwanja aambiwe kabla hujaleta tofali, kwa sababu nitakazozieleza. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo wanaofaidika moja kwa moja na vipimo vya risasi za kuwindia ni wenye leseni za nchi nyingine kama Tanzania. Waliobaki ni walenga shabaha, wanafunzi wa uchunguzi wa kisayansi wa jinai, na watu wanaotaka tu kujua kama maneno yaliyoandikwa kwenye sanduku yana ukweli.

Kibali kikitaja idadi ya risasi, kila moja ina thamani. Hilo hubadilisha namna ya kupanga kazi. Mmarekani anaweza kupoteza risasi ishirini kwenye matofali mabovu na kesho akanunua nyingine. Hapa huna anasa hiyo, kwa hiyo tofali lazima liwe sahihi kabla ya risasi ya kwanza.

Kwa nini asilimia 10 na nyuzi 4

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Edmund Newton Harvey na wenzake kule Princeton walipiga vipande vya chuma kwenye maji na kwenye gelatini ya asilimia 20 (yaani sehemu ya unga katika uzito wote) huku wakirekodi kwa kamera za kasi. Miaka ya 1980 daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, Martin Fackler, aliyekuwa akiongoza maabara ya majeraha ya risasi katika taasisi ya Letterman mjini San Francisco, aliamua kuilinganisha jeli na msuli wa nguruwe aliye hai. Aligundua kwamba gelatini ya asilimia 10, ikipigwa ikiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, huipa risasi kina kinachokaribiana na kile cha msuli. Baada ya mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986, ambamo maajenti wawili wa FBI waliuawa, shirika hilo liliuchukua utaratibu huo kupimia risasi za bastola, na hapo ndipo ulipotoka ule ukanda maarufu wa kina cha inchi 12 hadi 18, yaani takriban sentimita 30 hadi 45.

Kuna pia mapokeo ya asilimia 20 kwa nyuzi 10, yanayotumika sana Ulaya. Yote mawili yana kazi yake. Kisichofaa ni kuchukua kina kilichopimwa kwenye moja na kukilinganisha na kina cha nyingine, na ndicho kinachofanywa kila siku kwenye majedwali yanayosambazwa. Ukiona jedwali lisilotaja asilimia wala nyuzi, lipite.

Gelatini ya kununua

Nguvu ya gelatini hupimwa kwa kipimo cha Bloom: ni gramu ngapi zinahitajika kusukuma silinda ndogo yenye kipenyo cha milimita 12.7 iingie milimita 4 kwenye jeli ya asilimia 6.67 iliyopozwa kwa nyuzi 10. Kazi hii inataka Bloom 250, aina A, ambayo kwa kawaida hutokana na ngozi ya nguruwe. Hapo ndipo tatizo la Nairobi linapoanzia. Gelatini nyingi za maduka ya vifaa vya keki huuzwa zikiwa na alama ya halali, za ng'ombe, aina B, na pakiti nyingi ndogo hazitaji Bloom hata kidogo. Pakiti isiyotaja Bloom yaweza kuwa 160 au 220. Ukipika kwa uzito uleule, tofali litatoka laini na kila risasi itaonekana inaingia ndani kuliko ukweli.

Ya ng'ombe yenye Bloom 250 iliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji hufanya kazi, mradi uipime kwa gololi na ukubali kurekebisha kiasi. Muulize muuzaji wa viungo vya viwanda vya chakula akupe karatasi ya vipimo ya mzigo husika, si maelezo ya jumla ya bidhaa. Nunua ya kutosha matofali yote kutoka mzigo mmoja. Mizigo miwili ya kiwanda kimoja inaweza kutofautiana, na ukiichanganya hutajua tofauti uliyoiona imetoka kwenye risasi au kwenye unga.

Ukubwa: hapa ndipo wa bunduki hutengana na wa bastola

Tofali la kawaida la vipimo vya bastola ni sentimita 15 kwa 15 kwa 40. Ni lita 9, kilo moja hivi ya gelatini, na linachukua risasi nne au tano za bastola bila njia zake kuingiliana. Wengi hulitumia tofali hilohilo kwa risasi za bunduki, na hapo huharibu kila kitu.

Kichwa cha 5.56 (kile kipande cha risasi kinachoruka, cha bunduki ya kaliba ya milimita 5.56) kinapopinduka na kuvunjika, jeli husukumwa pembeni kwa muda mfupi ikafungua tundu, liitwalo tundu la muda, lenye upana wa sentimita 10 na zaidi. Tofali la sentimita 15 halina nyama ya kutosha kuzunguka tundu hilo: kuta hupasuka, nguvu hutokea nje, jeli huruka juu ya meza. Video hupendeza sana. Lakini nyufa ulizopima zinakuambia zaidi kuhusu udogo wa tofali kuliko kuhusu risasi.

Kwa bunduki, sentimita 20 kwa 20 kwa 40 ndicho kiwango cha chini ninachokiona kina maana. Hesabu yake: lita 16, uzito wa kilo 16.5 hivi, gelatini kilo 1.65 kwa maji kilo 14.85. Sentimita 25 kwa 25 kwa 50 ni bora zaidi, ila lina uzito wa kilo 32 na linataka watu wawili kulibeba. Risasi moja kwa tofali moja. Ya pili itapita kwenye jeli ambayo tayari ina nyufa, na matokeo yake hayafai kuandikwa.

Urefu nao unategemea risasi. Ya kuwindia yenye ncha laini hutulia ndani ya tofali moja au inapoingia la pili. Risasi ya kijeshi ya 7.62x39, ile ya AK-47, yenye kiini cha chuma huenda zaidi ya sentimita 70, kwa hiyo panga mawili yakigusana, uso kwa uso, bila nafasi katikati.

Kalibu ya kugandishia jeli ni kazi ya mafundi bati wa Kamukunji, Nairobi. Sanduku la bati lisilopata kutu, mishono iliyozibwa vizuri, na pande zilizopanuka kidogo kuelekea juu, sentimita nzima kila upande, ili tofali litoke bila kuchimbwa kwa kisu. Fundi aliyezoea masanduku ya shule atataka kulifanya wima kabisa, msisitizie. Pakaza mafuta ya kupikia kiasi cha kung'aa tu. Jaza maji siku moja kabla ya kupika uone kama linavuja.

Kupika

Pima kwa uzito, usipime kwa vikombe. Mizani ya dukani yenye kosa la gramu 5 inatosha kwa gelatini. Ya gramu 100 haitoshi.

Anza na maji baridi ya friji, nyuzi 7 hadi 10. Nyunyiza unga juu ya maji polepole huku ukikoroga kwa mwiko. Ukifanya kinyume, ukamimina maji juu ya unga, yatatokea mabonge yenye ganda laini nje na unga mkavu ndani, na hakuna kukoroga kutakakoyaponya. Iache iloe kwenye friji kwa saa mbili. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wenye haraka, nao baadaye hushangaa kwa nini tofali lina tabaka ngumu chini na laini juu.

Kisha pasha. Sufuria ya gelatini ikae ndani ya karai la maji ya moto, kamwe isikae juu ya moto moja kwa moja. Usivuke nyuzi 40. Joto kubwa hukata minyororo ya protini inayoipa jeli nguvu. Tofali litaganda, litaonekana sawa kwa macho, na gololi ndiyo itakayokuja kukufichulia. Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko, lakini kwa kazi hii kuchemka hakuna nafasi kabisa, kwa hiyo mwinuko haukusaidii wala haukuathiri. Koroga taratibu. Mapovu yaliyoingia kwa kukoroga kwa fujo hubaki, na tofali lenye ukungu huzuia kuona njia ya risasi.

Matone machache ya mafuta ya mdalasini hupunguza povu na huzuia ukungu kuota. Engua povu juu kwa kijiko kabla ya kumimina. Na chombo chochote kilichowahi kubeba juisi ya nanasi au papai kisafishwe mara mbili: vimeng'enya vya matunda hayo humeng'enya gelatini, na tofali zima linaweza kukataa kuganda.

Mabaki yamimine kwenye kikombe kirefu cha plastiki. Kikombe hicho kitakusaidia kufuatilia kupoa bila kutoboa tofali, ingawa hakitachukua nafasi ya kupima tofali lenyewe.

Friji, na stima inapopotea

Acha ligande kwanza kwenye nyuzi 7 hadi 10 usiku mzima, kisha angalau saa 36 kwenye nyuzi 4. Hizo ni za tofali la sentimita 15. Kitovu cha tofali la sentimita 20 huchelewa kwa zaidi ya theluthi, kwa hiyo lipe siku mbili kamili na zaidi. Ukiligusa nje likawa baridi, hujajua lolote kuhusu katikati.

Friji ya nyumbani mara nyingi hukaa nyuzi 5 hadi 8, na rafu ya juu si sawa na ya chini. Weka glasi ya maji mahali tofali litakapokaa, iache usiku kucha na kipimajoto ndani yake, kisha rekebisha swichi. Rafu za kioo hazikutengenezwa kubeba kilo 16. Liweke chini kabisa. Friji ya soda ya dukani, yenye mlango wa kioo na feni, ni bora kuliko zote kwa sababu hewa yake huzunguka na joto lake ni moja juu na chini. Friza usiiguse: barafu huvunja wavu wa jeli, na likiyeyuka utaona maji yakichuruzika.

Stima ikipotea usifungue mlango. Tofali zito hushika baridi yake kwa saa kadhaa. Kosa ni kuendelea kuhesabu saa kana kwamba hakuna kilichotokea. Stima ikirudi, anza upya kuangalia joto la kikombe, na usitoke kwenda uwanjani mpaka lirudi nyuzi 4.

Njiani tumia kasha la baridi lenye barafu iliyofungwa kwenye mifuko, tofali likiwa limefunikwa kwa plastiki lisikauke. Likishatoka, joto huingia jelini polepole: kwa nusu saa hufika sentimita moja na nusu hivi kutoka usoni, kwa saa moja zaidi ya mbili. Nusu saa ya Julai yenye mawingu inavumilika. Nusu saa ya juani mwezi Februari haivumiliki, kwani uso unaolainika ndio unaokutana na risasi kwanza. Foleni ya Thika Road si mahali pa kuweka tofali kwenye buti la gari bila barafu.

Gololi

Hiki ndicho kipimo chenyewe. Gololi ya chuma ya bunduki ya upepo, ile iitwayo ya milimita 4.5, ikifika kwa kasi ya mita 180 kwa sekunde, iingie sentimita 8.5, na kosa linaloruhusiwa ni sentimita moja juu au chini. Kasi nayo inaruhusiwa kuyumba mita nne na nusu tu. Bunduki ya kupampu ndiyo inayofaa, kwa sababu idadi ya pampu hukuwezesha kukaribia kasi hiyo. Jaribu kwanza kwenye kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, bila jeli mpaka ujue pampu ngapi hutoa mita ngapi.

Piga gololi kwenye kona ya uso wa mbele, sentimita tano kutoka kingo, mbali na mahali risasi itakapoingia. Piga zaidi ya moja. Pima kutoka usoni hadi mwisho wa gololi kwa waya mwembamba ulionyooka, na upime kabla risasi haijafyatuliwa, kwa sababu baada yake uso utakuwa umepasuka.

Gololi ikienda sentimita 10.5, tofali ni laini: gelatini dhaifu, joto limepanda, au ulivuka nyuzi 40 jikoni. Ikiishia 7, ni gumu: umeongeza unga au maji yamepungua kwa mvuke. Wapo wanaokubali tofali bovu kisha wakazidisha matokeo kwa kigawo. Kwa bastola, tofauti ikiwa ndogo, hilo lina mantiki fulani. Kwa bunduki silikubali hata kidogo, kwa kuwa kichwa kinachopinduka au kuvunjika kwenye jeli laini hakifanyi hivyo mahali palepale kwenye jeli sahihi, na hakuna kigawo kimoja kinachorekebisha hilo. Rudi jikoni.

Uwanjani

Meza iwe imara, tofali juu ya ubao uliolowa, na nyuma yake kilima cha udongo kilicho kipana kuliko unavyodhani. Risasi inayopinduka ndani ya jeli haitoki ilikoelekezwa. Yaweza kutokea juu au ubavuni. Hiyo ndiyo sababu ya kumwambia msimamizi mapema. Karatasi ya shabaha nyuma ya tofali la mwisho itakuonyesha kama kuna kilichotoka, na kilitoka kikiwa kimesimama au kimelala ubavu.

Umbali: mita tatu zinazotumika kwa bastola hazifai bunduki. Kichwa kinapotoka mtutuni huyumba kidogo kwa mita kadhaa za kwanza kabla ya mzunguko kukituliza, na mlipuko wa mtutu husumbua kronografu na uso wa jeli. Kaa angalau mita 10, vizuri zaidi 25.

Kasi iliyoandikwa kwenye sanduku usiichukue kama yako. Kiwanda mara nyingi hupima kwa mtutu wa inchi 24. Kwa risasi ya .223, ndugu ya kiraia ya 5.56, kila inchi inayopungua hula mita 6 hadi 10 kwa sekunde hivi, kwa hiyo mtutu wa inchi 16 una kasi ya chini sana kuliko maneno ya sanduku. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, na risasi hupoteza kasi polepole zaidi njiani. Kwa mita 25 tofauti hiyo haina maana. Kwa mita 200 ina maana. Weka kronografu, andika kasi ya kila risasi.

Tabaka nne za kitambaa cha denimu mbele ya tofali ni kipimo cha bastola: kitambaa huziba shimo la kichwa chenye tundu kwenye ncha na kukizuia kufunguka. Suruali za jinzi za mitumba za Gikomba zinafaa kabisa kwa kazi hiyo. Kwa risasi za bunduki, kasi ni kubwa kiasi kwamba denimu haibadilishi mengi.

Simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde hupiga picha moja kila milisekunde 4. Tundu la muda hufunguka na kujifunga ndani ya milisekunde chache tu. Utapata picha moja au mbili, pengine zilizopinda. Hiyo ni kumbukumbu ya tukio; usipime upana kutoka kwayo.

Kusoma tofali

Jeli ni nzito kuliko hewa ya Nairobi karibu mara elfu moja. Mzunguko uliokisimamisha kichwa hewani hautoshi kukisimamisha humo, na kwa kuwa uzito wa kichwa chenye ncha kali uko nyuma, hugeuka kutanguliza kitako. Swali la maana ni wapi kinaanza kugeuka. Fackler alionyesha kwamba kichwa cha 7.62x39 chenye kiini cha chuma hutembea sentimita 26 hivi kikiwa kimenyooka. Cha kaliba ileile kilichotengenezwa Yugoslavia, chenye kiini cha madini ya risasi na kitako bapa, huanza kugeuka karibu sentimita 9. Cha M193, risasi ya kijeshi ya Marekani ya 5.56, hugeuka karibu sentimita 12 kisha huvunjika, mradi kimefika na kasi ya kutosha, kama mita 820 kwa sekunde. Kasi ikishuka sana chini ya hapo, hupinda au hubaki kizima. Bunduki moja, kaliba moja, majina yanayofanana kwenye sanduku, na tabia mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo usiandike kina cha mwisho peke yake. Andika kina cha kuanza kugeuka, kina cha tundu pana zaidi, kisha kina cha kila kipande kikubwa.

Baada ya picha, kata tofali vipande vya sentimita 2.5 kwa uzi wa chuma mwembamba, kwani kisu huburuta jeli na kuzalisha nyufa zake. Mimina rangi ya chakula iliyokorogwa na maji kwenye kila kipande: nyufa zitachorwa kama nyota. Jumlisha urefu wa nyufa mbili ndefu zaidi na utapata makadirio ya kipenyo cha tundu la muda mahali hapo. Chora nambari hizo kwenye karatasi ya mistari, kipande kwa kipande, na umbo la jeraha litajitokeza.

Kichwa kilichopatikana kioshwe, kikaushwe, kipimwe kwa mizani ya greni, kipimo kidogo cha uzito kinachotumika kwa vichwa vya risasi. Kipenyo pima mara mbili, pana na nyembamba, uchukue wastani. Vichwa vya kuwindia vya shaba tupu hubaki na uzito karibu wote. Vya madini ya risasi vilivyovishwa shaba bila kuunganishwa vinaweza kupoteza theluthi na zaidi. Vipande vidogo havionekani kwa macho: yeyusha vile vipande vya jeli kwenye ndoo ndani ya maji ya moto, chuja kwa kitambaa, pitisha sumaku kuchukua chuma, kisha pima kilichobaki. Vaa glavu. Sufuria na ndoo hizo hazirudi jikoni kamwe.

Tofauti kati ya risasi mbili za sanduku moja inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya chapa mbili, hasa kwa zinazopinduka, kwa sababu kuyumba kidogo wakati wa kugonga huhamisha mahali pa kugeuka kwa sentimita nyingi. Tano za kila aina ni kiwango cha chini cha kusema jambo. Ukiwa na mbili tu, chapisha mbili na useme ni mbili.

Jeli ya sanisi, isiyo ya gelatini

Ile jeli angavu ya mafuta inayovutia kwenye video haihitaji friji, haiozi, na huyeyushwa upya. Kwa Nairobi yenye stima ya mashaka inashawishi. Tabu ni kwamba inaweza kufaulu kipimo cha gololi na bado isiwe sawa na gelatini kwa kasi ya bunduki: kina hutofautiana, vichwa vingine hufunguka kwa namna tofauti, na nyufa zake hazisomeki vilevile. Ule mwako na moshi unaoonekana ndani yake ni mvuke wa mafuta ukibanwa pamoja na hewa tundu linapojifunga, risasi haikulipuka. Itumie kulinganisha risasi na risasi siku moja, kwenye jeli moja, na useme wazi umetumia ipi. Kuiyeyusha kunataka zaidi ya nyuzi 115, na hayo ni mafuta ya moto: oveni yenye kidhibiti, usitumie jiko la mkaa.

Na jeli zote mbili hazina mbavu, mapafu wala ngozi. Ini hupasuka mahali msuli unanyumbuka na kurudi. Pafu, lililojaa hewa, hustahimili zaidi. Anayekuambia mnyama ataanguka baada ya hatua ngapi kwa kutazama tofali amevuka mpaka wa kipimo chake.

Tofali lililotumika haliokolewi. Gelatini iliyoyeyushwa mara ya pili imepoteza nguvu, na ina vumbi la madini ya risasi. Usiimwage kwenye sinki ikiwa ya moto: itapoa ndani ya bomba, igande, na fundi bomba atakutoza kulitoa. Usimpe mbwa. Iache igande, ikatwe, ifungwe kwenye mifuko miwili, na vipande vya madini ulivyovichuja viwekwe kwenye mkebe wenye kifuniko ulioandikwa kilichomo.